Fadeyev: Molodaya Gvardiya ya 1946 au ya 1951?

Ukurasa_wa_Pili
Wakuu, swali kuhusu Aleksandr Fadeyev, mwandishi wa Kisovieti. Riwaya yake *Molodaya Gvardiya* (Walinzi Vijana), kuhusu kundi la siri la vijana waliowapinga Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, ina matoleo mawili, la 1946 na la 1951. Anayetaka kusoma moja tu achukue lipi? Au aanze na riwaya yake nyingine, *Razgrom* ya 1927?

Bahari_Kavu
1946, kama unalipata. Fadeyev alifika Krasnodon, mji wa mashariki mwa Ukraine ambako mambo hayo yalitokea, mwaka 1943, miezi michache baada ya Wajerumani kufukuzwa, akazungumza na familia za vijana waliouawa. Ndani ya toleo lile vijana wanajiendeshea mambo yao: wanabandika matangazo, wanapandisha bendera nyekundu kwa ajili ya 7 Novemba 1942, wanachoma ofisi yenye orodha za watu wa kupelekwa Ujerumani kufanya kazi za shuruti. Likapata Tuzo ya Stalin daraja la kwanza. Halafu Desemba 1947 Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti, ikauliza Chama kiko wapi humo. Na mwandishi mwenyewe ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Waandishi wa Kisovieti! Angekataaje? Akakaa, akaandika upya.

Mwl_Fasihi
Ndugu Bahari, usilitupe la 1951 haraka hivyo. Kilichoongezwa ni sura za wakomunisti wa chinichini, hasa Filipp Lyutikov, na Lyutikov alikuwa mtu wa kweli: alifanya kazi karakana ya mji huo huo na aliuawa Januari 1943 kama vijana wale. Kwa hiyo lawama ile haikuwa uzushi mtupu. Ubaya uko kwenye ufundi. Lyutikov anajua kila jambo kabla halijatokea, hivyo kijana kama Sergei Tyulenin au Lyuba Shevtsova akijitosa hatarini, unahisi ruhusa imeshatoka juu. Hofu inayeyuka. Hata vurugu za kuhama mji Julai 1942, ambazo ndizo kurasa kali za mwanzo, zilipigwa pasi.

Karani_wa_Vitabu
Tahadhari kwa wanaonunua. Mwaka wa jalada hausaidii, na wauzaji wengi huandika "1946" kwa sababu tu ndio mwaka riwaya ilipotoka kama kitabu. Fungua ukurasa wa mwisho wa hadithi. Ukikuta "1943–1945–1951", umeshika toleo la pili. Kama hakuna tarehe, tafuta Lyutikov: akiwa na sura zake mwenyewe, akitoa maagizo, ni la pili vilevile. Nakala za Kirusi zilizochapishwa baada ya 1951 karibu zote ni hizo. La kwanza utalipata kwa kutafuta chapa za miaka ya 1940.

Ukurasa_wa_Pili
Asante. Na yule msaliti ndani ya riwaya, Stakhovich? Ni mtu wa kweli?

Mwl_Fasihi
Hapo matoleo yote mawili yana doa. Jina ni la kubuni, lakini wasomaji walimwona ndani yake Viktor Tretyakevich, mmoja wa viongozi wa kundi lile, ambaye tayari alikuwa amesingiziwa usaliti. Uchunguzi mpya ulimsafisha, na mwaka 1960 akatunukiwa nishani baada ya kifo. Fadeyev hakuwepo kuona: alijipiga risasi Peredelkino, kijiji cha waandishi karibu na Moscow, tarehe 13 Mei 1956, na barua aliyoiandikia Kamati Kuu ya Chama ilifichwa hadi 1990. Kwa hiyo kisome kama riwaya. Nani alifanya nini Krasnodon, katafute kwingine.

Bahari_Kavu
Kuhusu *Razgrom*: ndiyo, anza nayo. Ni fupi, na Fadeyev mwenyewe alipigana akiwa pamoja na wapiganaji wa msituni Mashariki ya Mbali ya Urusi, kama wale wa hadithi hiyo. Kamanda Levinson anachukua nguruwe wa familia ya Mkorea huku mwenye nguruwe akilia, kwa sababu kikosi kina njaa. Anakubali majeruhi Frolov apewe sumu, kwa kuwa hawawezi kumbeba. Mwisho wanabaki 19. Uhalisia wa kijamaa, mtindo rasmi wa sanaa ya Kisovieti, haukuwa hata na jina rasmi wakati huo. Lilikuja miaka ya 1930, na nadhani kitabu kilifaidika.

Karani_wa_Vitabu
Mpangilio wangu: *Razgrom*, kisha 1946, kisha sura za Lyutikov tu kutoka 1951, ukizisoma kando ya la kwanza uone ziliposhonewa. Filamu ya *Molodaya Gvardiya* ya mwongozaji Gerasimov, ya 1948, iache mwisho. Nayo ilihaririwa upya 1964, hivyo kabla ya kuifananisha na kitabu angalia kwanza unatazama ipi.