Msaada: kaseti za zamani za kwaya nataka ziingie kwenye simu za watu, nihifadhi kwa fomati gani?

Sauti ya Tatu
Wakuu habari za jioni. Nina kaseti kama 40 za kwaya yetu ya usharika huku Kilimanjaro, nyingi za miaka ya 80 na 90, zilirekodiwa na redio kaseti imewekwa tu kwenye kiti mbele ya waimbaji, kila moja dakika 60. Waimbaji wengine wameshatangulia mbele za haki, waliobaki wametawanyika, kuna wa Dar, kuna wa Ujerumani, na wazee wako kijijini na kitochi chenye memori kadi. Nimepewa kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta halafu nizisambaze. Sasa mmoja ananiambia rekodi MP3 moja kwa moja yaishe, mwingine anasema WAV, mwingine anataka niweke simu mbele ya redio nitume voisi kwenye grupu. Laptopu imebakiza GB 60. Nifuate lipi?

Chuma Chakavu
MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ulale mkuu. Kaseti yenyewe ina shhhhh mwanzo mwisho, WAV ya nini, unataka kutunza shhhhh kwa ubora wa juu 😂

fundi_mstaafu
Chuma usimpotoshe mwenzio. MP3 inapunguza faili kwa kutupa vitu, inaangalia sauti gani imefunikwa na kubwa iliyo karibu yake ambayo sikio halitaishika, inaikata. Ukisikiliza tu haina shida. Shida ni kwamba kaseti za hivyo lazima utazifanyia kazi baadaye, upunguze mvumo, upandishe sauti ya wimbo ulioimbwa mbali na maiki, na kila ukifungua MP3 ukasevu tena MP3 inakata tena juu ya ilichokata mwanzo. Halafu kuna watu wanachukua MP3 ya 128 wanaigeuza WAV wakidhani wameiongezea ubora, faili linanenepa tu, ni sawa na kukamua muwa halafu uende kuusimamisha tena shambani.

Rekodi WAV, hiyo haitupi kitu, ndio faili mama, usiliguse. Kopi za kugawa zitoke humo.

Na kuhusu simu mbele ya redio, hapana kabisa. Maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, ina mambo yake ya kukata kelele na kupandisha na kushusha sauti yenyewe, ikisikia kwaya ya watu thelathini inaona hiyo ndiyo kelele.

Sauti ya Tatu
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ila WAV 40 zitaenea kweli humu?

Bito_na_Baiti
Zinaenea, piga hesabu. Kiwango cha CD ni kupima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, pande mbili za stirio. Hiyo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani kama MB 10 kwa dakika, saa nzima MB 635. Mara 40 ni kama GB 25. (44,100 ni kwa sababu sikio linaishia karibu 20,000 Hz na lazima upime zaidi ya mara mbili ya hapo.)

Lakini wewe umesema redio kaseti moja kwenye kiti, kama ilikuwa ya maiki moja hiyo ni mono, stirio unatunza kitu kilekile mara mbili. Chukua mono, 48,000, biti 24, saa moja inakuja kama MB 518, jumla GB 21 hivi. Biti 24 zinakupa nafasi ya kurekodi chini kidogo bila hofu ya sauti kupasuka kwaya ikipandisha ghafla. Wanaohifadhi nyaraka za sauti wanashauri 48 na biti 24 kuwa ndio mwanzo, wengi wanakwenda 96, kwa kaseti hizi mimi naona 96 ni kujitesa.

Ukimaliza zigeuze FLAC, hiyo inabana bila kutupa hata biti moja, ukiifungua unapata WAV yako ileile. Usitegemee miujiza lakini. FLAC inabana kwa kukisia sauti inayofuata, na shhhhh ya kaseti haikisiki, ikishuka hadi nusu ushukuru.

fundi_mstaafu
Marahaba kijana. Kabla ya yote hayo safisha hedi ya deki (kile kichwa kinachosoma utepe) kwa spiriti na pamba, na kile kigurudumu cha mpira. Kaseti iliyokaa miaka ipeleke mbele hadi mwisho kisha irudishe ndipo uipige. Halafu kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi, izungushe taratibu ukiwa na hedifoni masikioni mpaka sauti za juu zing'ae, kila kaseti na pembe yake maana zilirekodiwa na mashine tofauti. Watu wanaruka hii hatua wanakimbilia programu, na hakuna programu itakayokurudishia vizuri ulichokikosa hapo. Laptopu nyingi tundu lake ni la maiki tu, nunua kadi ya sauti ya USB yenye laini in (tundu la kuingizia sauti ya deki), na programu ya kurekodi Audacity ni ya bure.

mama_wawili
Jamani mbona hakuna anayejibu upande wa wasikilizaji? Mimi ndio niko grupu za hivyo, mtu anatuma faili la MB 80 wazee bando linakata katikati. Muweke YouTube tu.

Bito_na_Baiti
Dada YouTube na hizo huduma za kustrimu zinakata wimbo vipande vya sekunde chache, simu inavuta kimoja kimoja, mtandao ukilegea inachukua vya ubora wa chini. Raha kwa wa Ujerumani mwenye waifai. Ila wa kijijini akirudia wimbo kesho mara nyingi analipa bando upya, na kwa kwaya watu wanarudia. Bora ashushe mara moja likae kwenye kadi.

Mimi ningefanya kopi za aina mbili. Wa kitochi MP3 mono kilobiti 64, saa nzima kama MB 29, vitochi vingi MP3 ndio vinaielewa. Wenye simujanja Opus, nayo ni fomati ya kubana kwa kutupa kama MP3, kilobiti 48, kama MB 22 kwa saa, na kwa kiwango hicho inaipita MP3 mbali, imetoka 2012 wakati jina la .mp3 ni la 1995. Voisi za WhatsApp zenyewe ni Opus. Kata wimbo mmoja mmoja, mtu apakue anaoutaka.

Na hapa ndipo Chuma ana nusu ya haki, shhhhh kwenye kilobiti chache inakula nafasi ya wimbo, unasikia maji maji nyuma ya waimbaji. Punguza mvumo KIDOGO kwenye kopi, faili mama liache na mvumo wake.

Chuma Chakavu
Nusu ya haki naichukua 😂 ila mzee wa kijijini atapakua na nini wakati kitochi hakina WhatsApp?

mama_wawili
Kadi zinapelekwa na mtu siku ya ibada, wewe hujakaa kijijini. Anakuja mmoja na laptopu anajaza za wote.

Sauti ya Tatu
Hiyo ya kadi nimeipenda. 40 × 29 ni kama GB 1.2, hata kadi ya GB 2 inatosha mtu kupata zote. Swali la mwisho, kitochi changu nyimbo kinazichanganya hovyo, wimbo wa pili unakuja baada ya wa kumi na tisa.

Bito_na_Baiti
Kinapanga kwa herufi. Andika 001, 002, 003 mwanzoni mwa jina la faili, kisha mwaka, kisha wimbo. Na hadidiski ya pili ya bakapu ikae nyumba nyingine, isiwe kwenye begi moja na laptopu.