Siku moja Coimbra: nianzie wapi?

Swali: Ndugu zangu, nitakuwa Coimbra, Ureno, kwa siku moja tu, nami napenda majengo ya kale kuliko maduka. Je, nianzie kwenye Chuo Kikuu cha Coimbra au mjini chini?

Jibu: Anzia juu, ndugu. Chuo hicho kilianzishwa Lisbon mwaka 1290, na mwaka 1537 kikahamishiwa Coimbra kwa kudumu, katika jumba la kifalme lililo juu ya kilima. Usikose Maktaba ya Joanina ya karne ya 18, ambamo popo huishi na usiku hula wadudu waharibuo vitabu, kiasi kwamba wahudumu hufunika meza kwa ngozi kila jioni ili zisichafuliwe na kinyesi cha popo hao. Tiketi huwa na saa maalumu ya kuingia, kwa hiyo ikate mapema.

Jibu: Naafiki, ila mimi nilifurahia zaidi njia ya kushuka: pitia Sé Velha, kanisa kuu la karne ya 12 linalofanana na ngome, kisha ngazi za Quebra Costas, jina ambalo maana yake ni “vunja mgongo”. Vaa viatu visivyoteleza.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Popo wamenishawishi; nitaanzia juu.