Nisubiri prosesa mpya za AMD na Intel au nichukue zilizopo? Niko Arusha

MpigaPicha_Njiro: Wakuu heshima zenu. Nataka kompyuta ya kuhariri video. Leo nasoma tetesi kwamba Zen 6 ya AMD itaiacha mbali Nova Lake ya Intel, kesho nasoma kinyume chake. Nyie mnakadiriaje? Desemba Wachaga wakirudi nyumbani harusi zinafululiza, na mimi hata usingizi sipati.

Gigahezi: Hesabu ya kasi ya prosesa ni kazi kwa kila mzunguko (IPC) mara gigahezi (mizunguko bilioni kwa sekunde). IPC ikipanda 10% na gigahezi 5%, ni 1.10 × 1.05, yaani 15.5%. Kori nyingi (vitengo vya prosesa vinavyogawana kazi) zina kikomo: robo ya kazi ikiwa haigawanyiki, hata kori elfu hazikupi zaidi ya mara 4. Na bado RAM haijakula chake. Zen 5 ilitangazwa na ongezo la IPC la 16% mwaka 2024, lakini kwenye magemu mengi 9700X yake haikufika huko. Oktoba mwaka huohuo ikaja Core Ultra 9 285K ya Intel, ikaachwa na 14900K iliyoitangulia kwenye magemu mengi, kwa sababu data ilichelewa zaidi kutoka kwenye RAM.

Dogo_Kijenge: AMD. Mods fungeni uzi.

MamaSeva_Moshi: Alama za Geekbench (programu ya kupima kasi) zinazovuja msizimeze nzimanzima. Angalia gigahezi na aina ya RAM iliyoandikwa. Sampuli za majaribio mara nyingi huendeshwa taratibu. Na alama za toleo la 5 hazilinganishwi na za toleo la 6.

Gigahezi: Mleta uzi, kamera yako inarekodi nini? Na umeshanunua kitu? Asiye na mzigo hahangaiki hivi.

MpigaPicha_Njiro: Sony, inabana video kwa HEVC 4:2:2 biti 10 (rangi nyingi, nzito kufungua). Kununua bado... ila kuna madabodi ya B550 nimeshalipia, prosesa ya Ryzen 5 5600G, na RAM GB 32 za kizazi cha DDR5. Lakini bei ilikuwa nzuri, halafu AMD soketi moja wanakaa nayo miaka.

Mzee_wa_Pasua: Kijana, ushauri unaombwa kabla ya kulipa.

MamaSeva_Moshi: Hiyo madabodi ni ya soketi AM4, na mwisho wake ni Ryzen 5000. Tangu 2022 wako AM5, DDR5 tu. Zen 6 haiingii hapo hata kwa nyundo.

Dogo_Kijenge: Ngoja kwanza. B550 na DDR5 wapi na wapi? B550 inapokea DDR4 peke yake. Hii ni chai. Jamaa ana duka, anapima upepo wa bei humu.

MpigaPicha_Njiro: Sio chai mkuu! Risiti ninayo, imeandikwa DDR5.

Gigahezi: Risiti iweke pembeni, soma stika ya RAM. PC4-25600 ni DDR4 ya 3200. PC5-44800 ni DDR5 ya 5600. Zote zina pini 288 ila pengo la chini limekaa tofauti, kwa hiyo isipokaa usiikandamize.

MpigaPicha_Njiro: PC4-25600. Basi aliyekosea ni muuzaji, mimi nilichonunua kiko sawa.

Dogo_Kijenge: Chai ya rangi.

MamaSeva_Moshi: Iwe chai isiwe chai, kuna atakayeusoma uzi huu. Tatizo hapo si prosesa ijayo. 5600G haina sehemu maalumu ya kufungua HEVC 4:2:2, kori ndizo zinabeba, ndiyo maana video inakwamakwama kwenye taimlaini. Dawa ya bure ni proksi za 1080p, yaani nakala nyepesi za kuhariria. Intel kuanzia kizazi cha 11 zinaifungua kwa Quick Sync iliyo kwenye grafiki zake za ndani, ila zenye herufi F mwishoni hazina. Kadi za picha za Nvidia RTX 50 nazo zinaifungua. Kwenye B550 weka RTX 5060, ila ujue 5600G itaishusha hadi PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia ya data kati ya kadi na prosesa), na kadi yenyewe inatumia njia 8 tu. Ukipata prosesa ya 5900X utakuwa na kori 12 na PCIe 4.0. Boresha BIOS (programu ya madabodi) kabla hujaitoa 5600G, na feni ununue, haiji nayo. 5800X3D waachie wacheza gemu.

MpigaPicha_Njiro: Pawasapulai ya wati 450 itatosha?

Gigahezi: 5900X inaweza kuvuta wati 142, kadi wati 145, bado diski na feni. Nvidia wenyewe wanapendekeza 550. Usiniambie hiyo 450 nayo umeshalipia.

MpigaPicha_Njiro: Nusu.