Redio ya jamii, uwakilishi wa gazeti au chaneli ya mtandaoni: aanzie wapi?

Kijana_wa_Kata: Wadau, aliyemaliza stashahada ya uandishi wa habari na anataka kuandika habari za wilayani kwake achague lipi? Naomba tulinganishe kipato, vibali na kazi yenyewe.

Zamu_ya_Asubuhi: Redio ya jamii, bila kusita. Kwenye vituo kama Pangani FM au ORS (Orkonerei Radio Service) ya Terrat, Simanjiro, mtu huyohuyo hutafuta habari, huhariri sauti na kupokea simu za wasikilizaji. Ila wengi huanza kwa kujitolea, na mradi wa wafadhili ukiisha, posho nayo hukatika. Uliza mapema nani atalipia umeme na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) wakati huo, na posho iandikwe kwenye mkataba.

Wino_Mbichi: Gazetini unalipwa kwa habari iliyotoka, si uliyotuma, basi piga hesabu ya nauli kwanza. Baraza la madiwani waandishi wote watakuwapo. Wewe nenda mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi 3 ambapo mapato na matumizi husomwa. Omba nakala, kisha ukakione, kwa mfano, kisima kilichoandikwa humo kuwa kimekarabatiwa. Na bahasha ya mwenye shughuli usiipokee. Ukishaipokea, swali la kisima hutaliuliza.

Mama_Ithibati: Chaneli ya habari nayo inahitaji leseni ya maudhui mtandaoni ya TCRA. Tena kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 mwandishi lazima awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, na kiwango cha chini ni stashahada; mwenye cheti tu anakwama hapo. Matangazo ya YouTube hayakulipi mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi (Shorts) zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Habari za kata moja hazifiki huko haraka, ndiyo maana chaneli nyingi huishia kwenye udaku.

Fundi_Sauti: Popote atakapokwenda, ajue kurekodi. Simu na maiki ya kubana kwenye nguo vinatosha. Arekodi sekunde 10, asikilize kwa hedifoni, ndipo aanze. Akitumia simu tupu, aiweke kama sentimita 15 kutoka mdomoni, upande kidogo, maana "p" na "b" hupiga maiki. Upepo ukishaingia kwenye sauti hautoki kwa kuhariri, bora mwingie ndani. Msemaji ataje jina, kijiji na shughuli yake. Mwisho aache nusu dakika ya sauti ya mazingira, ndiyo ya kuzibia mikato. Kwenye taarifa ya dakika 3, kila sauti isizidi sekunde 30.

Kijana_wa_Kata: Ahsanteni. Vipi akichanganya redio na gazeti?

Zamu_ya_Asubuhi: Inawezekana mkataba wa redio ukiruhusu. Ila aliyekubali kusikika redioni kuhusu mgogoro wa shamba hajakubali jina lake lichapishwe gazetini. Arudi amwombe upya.