Daraja bado linapitika, kwa nini lijengwe jingine?

Dereva wa Usiku
Wakuu, naomba kueleweshwa. Daraja la barabara kuu ninalovuka na lori limewekewa ukomo wa tani, na sasa tunaambiwa linajengwa jipya pembeni. Mbona lami ni safi, kingo zimenyooka? Si watie viraka tu, hela ibaki?

Fundi Nyundo
Mkuu, kazi yangu ni ukaguzi wa madaraja, na lami ndiyo kitu cha mwisho ninachotazama. Naanzia majini. Mto ukifurika, maji hupiga nguzo, yakazunguka na kuchimba mchanga ulioshika msingi. Mafuriko yakiisha shimo hujifukia kwa tope laini. Ukipima kiangazi unaona pamejaa, kumbe hapabebi kitu. Ndiyo maana tunashusha wapiga mbizi.

Ureno kulikuwa na daraja la Hintze Ribeiro, mto Douro, la tangu karne ya 19. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001 nguzo moja iliporomoka. Basi na magari madogo matatu yakatumbukia, watu 59 wakafa. Mchanga wa mto ule ulikuwa umechotwa kwa miaka. Huko juu magari yalikuwa yakipita kama kawaida.

Kalamu Nyekundu
Fundi, usimtishe mwenzio. Uzee peke yake hauangushi daraja. Lile la Minneapolis, mto Mississippi, lilifunguliwa 1967 na kuanguka 2007, wakafa 13. Uchunguzi ulikuta mabamba ya kuunganishia vyuma yalisanifiwa membamba tangu mwanzo.

Fundi Nyundo
Hapo nakubali. Ila malizia kisa: miaka ilivyokwenda waliliongezea zege juu, likazidi uzito, na siku lilipoanguka vifaa na kokoto za ukarabati vilikuwa vimerundikwa palepale. Dereva, hilo ndilo jibu la viraka vyako. Kila tabaka unaloongeza juu linabebwa na vyuma vilevile vya chini, ambavyo kutu inavila kila mwaka.

Dereva wa Usiku
Nimekupata. Na hiyo ya pembeni? Si wavunje hili wajenge papo hapo?

Fundi Nyundo
Miaka yote hiyo wewe utapita wapi? New York walijenga jipya kando ya Tappan Zee, lililokuwa juu ya mto Hudson tangu 1955. Magari yakahamishwa 2017, ndipo wakaanza kulivunja la zamani. Upande mmoja ukalipuliwa kwa baruti Januari 2019. Isitoshe, palipo na misingi ya zamani ni tabu kuchimba mipya.

Kwa sasa zifuate tani zilizoandikwa kwenye kibao. Na ukikuta lori lingine limetangulia darajani, subiri litoke kwanza. Ukomo ule ni wa gari moja, na malori mawili yakikaa kwenye boriti moja, mzigo unajumlishwa.

Dereva wa Usiku
Hilo la kusubiriana hakuna aliyewahi kutuambia. Nalipeleka kwa madereva wenzangu.