Naomba ushauri: uzamili upi kwa muuguzi anayetaka kufundisha?

Ndugu wauguzi na wahadhiri, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Afisa Muuguzi mwenye shahada ya kwanza, ninafanya kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi ya hospitali ya mkoa, na nimeamua kusoma uzamili ili hatimaye nifundishe, ingawa sipendi kumwacha mgonjwa moja kwa moja. Hapo ndipo penye mkanganyiko. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) wana uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, ambao ndio unaolingana na kazi yangu ya kila siku. Lakini wapo wanaonishauri nichukue elimu ya taaluma za afya, kwa hoja kwamba kujua kazi si sawa na kujua kuifundisha. Hoja hiyo naikubali nusu tu, kwa sababu mwanafunzi aliyesimama mbele ya mashine ya kupumulia humtambua haraka mwalimu ambaye hajawahi kuitumia.

Naomba mliopita njia hii mnifafanulie: je, vyuo vinapoajiri mhadhiri msaidizi huangalia zaidi ubobezi wa kliniki au mafunzo ya ualimu? Aliyebobea katika wagonjwa mahututi akirudi kituoni, muundo wa utumishi humpa cheo na majukumu mapya, au hurejea kwenye zamu zilezile? Na kwa mtumishi wa umma mwenye familia, ni busara kuomba ruhusa ya masomo bila kuwa na mfadhili wa ada?