Msanii akirekodi upya albamu yake ya ujanani, abadilishe mashairi?

Wadau, nalileta hili kwa sababu ya Taylor Swift na Speak Now. Albamu ile ilitoka Oktoba 2010, akiwa na miaka 20, na nyimbo zake zote 14 aliziandika peke yake. Kwenye albamu mbili za kwanza alikuwa na waandishi wenza, na minong'ono ikaenea kwamba hao ndio wenye kalamu. Speak Now ikawa jibu lake.

Mwaka 2019 lebo yake ya zamani iliuzwa pamoja na masta, yaani rekodi asili, za albamu zake sita za mwanzo, naye akaanza kuzirekodi upya. Julai 2023 ikafika zamu ya Speak Now. Kwenye "Better Than Revenge", wimbo wa kumshambulia msichana aliyempora mpenzi, mstari uliomchafua msichana huyo kwa mambo ya kitandani haupo tena. Badala yake mwanamume amekuwa nondo anayefuata moto, na msichana ndiye mwenye viberiti.

Mimi sikubaliani na badiliko hilo. Kwamba mstari wa kwanza ulimdhalilisha mwanamke mwenzake, sibishi hata kidogo. Lakini sikilizeni wimbo mzima: msichana bado ndiye mwizi, bado anatishiwa kisasi, na hata kwenye mstari mpya viberiti viko mikononi mwake. Mwanamume amevutwa tu, maskini. Basi kilichosafishwa ni nini? Tusi limeondoka, hukumu imebaki palepale. Heri angeuacha wimbo na ukali wake wote, tujue binti wa umri ule aliumia vipi na alimlaumu nani.

Wapo wanaosema wimbo ni mali yake, na atauimba jukwaani akiwa mtu mzima mbele ya mabinti wadogo. Hoja hiyo ina uzito. Jukwaani abadilishe apendavyo, hata kila usiku. Albamu ni kitu kingine, hasa hii, ambayo thamani yake yote ni kwamba hakuna mkono mwingine ulioigusa kalamu. Mwandishi wa miaka 33 akiingia kumsahihisha yule wa miaka 20, kwangu mimi huo tayari ni mkono wa pili.

Halafu kuna hili: mashabiki walihimizana kuiacha rekodi ya 2010 ili wamiliki wapya wasinufaike. Tangu Mei 2025 masta zimerudi kwake. Sasa anayeanza kuisikiliza leo, mngempa ipi kwanza? Mimi nampa ya 2010. Mnaosema ya 2023, nitajieni sababu iliyo ndani ya nyimbo zenyewe, mbali na suala la umiliki.